Elfu Hamsini kila Mwezi kwa Miaka Ishirini bila Kukatika: Mwongozo Kamili

Swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote huwa hivi: "Nilifungua akaunti ya vipande Januari, nikaweka miezi mitano, Juni nikatoa yote. Nianzeje tena?" Vipande ni sehemu za mfuko wa uwekezaji wa pamoja, nitakaoueleza Hatua ya 4. Anayeuliza ni mwalimu, ni fundi, ni mama mwenye genge, ni kijana aliyepata ajira yake ya kwanza. Wote waliweza kufungua akaunti. Hesabu waliielewa pia. Kilichowashinda ni kuiacha fedha ikae.

Kwa hiyo hatua nyingi humu zinahusu kuilinda fedha dhidi ya mikono yetu wenyewe. Mfano wangu ni wa Tanzania: Sh 50,000 kila mwezi kwa miaka 20. Kama uwezo wako ni 10,000, gawanya kila kiasi utakachokiona kwa tano. Muda wenyewe haubadiliki, awe mwenye elfu kumi au mwenye laki tano.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.
- Akaunti ya benki yenye majina yaleyale yaliyo kwenye kitambulisho. Majina yakitofautiana, hata kwa herufi moja, siku ya kutoa fedha utazungushwa.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya shemeji wala ya mwajiri.
- Laki moja ya kuanzia.
- Majina kamili ya mtu atakayerithi.
- Daftari la karatasi. Simu hupotea na programu hubadilishwa, ila daftari la mwaka wa kwanza utalihitaji hata mwaka wa kumi na tano.

Daftari usilifute kwenye orodha. Watu ninaowajua waliofika mbali, karibu wote huandika.

## Hatua ya 1: Maliza madeni yanayokula

Ukiwa na mkopo wa kausha damu, usinunue kipande hata kimoja. Chukulia umekopa laki moja na mwisho wa mwezi unarudisha laki moja na ishirini. Laki hiyohiyo ikiwa kwenye mfuko mzuri wa uwekezaji ingekuletea kama Sh 800 kwa mwezi. Yaani unatoa 20,000 ili upate 800.

Mikopo midogo ya simu nayo imo. Ada yake inaonekana ndogo kwa sababu unaiona mara moja moja. Ijumlishe kwa mwaka mzima uone. Mkopo wa nyumba, au wa SACCOS wenye riba ya kawaida unaokatwa kwenye mshahara, huo hauzuii kuanza.

Utajua umefaulu pale mshahara au mauzo ya mwezi yanapoingia na hakuna mkopeshaji wa kausha damu wala wa simu anayekata kabla yako.

## Hatua ya 2: Jenga akiba ya dharura, mahali pengine kabisa

Hapa ndipo wengi walipoteleza, na wengi wao hawajui kuwa ni hapa.

Mtu anaweka vipande kama akiba yake pekee. Mwezi wa tano mtoto analazwa, au pikipiki inavunjika, au kuna msiba Tabora. Anatoa. Hakufanya kosa kutoa, maana mtoto lazima atibiwe. Kosa lilikuwa kuingia safari ya miaka 20 bila fedha ya miezi mitatu pembeni.

Piga hesabu ya matumizi ya lazima ya mwezi mmoja: chakula, kodi, nauli, ada, umeme, maji. Zidisha kwa tatu. Kama huna mshahara wa kudumu, zidisha kwa sita. Kiasi hicho kiwe kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni mwako, au kwenye mfuko wa uwekezaji unaolipa haraka kama Ukwasi (nitautaja tena Hatua ya 4), mradi akaunti ya dharura na ile ya miaka 20 zisiwe moja.

Je, usubiri akiba ijae ndipo uanze? Wapo wanaosema ndiyo. Mimi naona weka 10,000 kwa mwezi kwenye vipande huku unaijaza, ili mkono uzoee. Sehemu kubwa iende kwenye dharura mpaka itimie.

Onyo: Kibubu cha nyumbani si akiba ya dharura. Kinajulikana na kila mtu nyumbani, na hakina faida hata senti.

Umefaulu pale jambo la ghafla linapotokea, unalilipia, na hata wazo la kugusa vipande halikujii.

## Hatua ya 3: Chagua kiasi cha mwezi wako mbaya

Karibu kila mtu huchagua kiasi akiwa amepokea mshahara, au siku biashara imechangamka. Anasema laki mbili. Januari ikifika na ada za shule, anaruka mwezi. Akiruka mmoja anaona aibu, wa pili unakuwa rahisi, wa tatu hakumbuki tena.

Chukua daftari, andika miezi sita iliyopita, utafute ule uliokubana kuliko yote. Katika mwezi huo, ungeweza kutoa kiasi gani bila kukopa? Hicho ndicho kiasi chako. Kama ni 15,000, basi ni 15,000. Kuna Hatua ya 8 ya kukipandisha.

Mwenye kipato cha msimu asijilazimishe na kalenda ya mwajiriwa. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi hulipwa baada ya mnada, mwishoni mwa mwaka. Aweke mara moja, wiki hiyohiyo fedha inapoingia, sehemu aliyoipanga kabla ya mavuno. Mwenye genge anaweza kutenga kidogo kila jioni na kununua vipande kila Jumatatu.

## Hatua ya 4: Chagua mfuko ambao faida yake inabaki ndani

Elewa kwanza kinachotokea. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja ni chungu kimoja. Watu wengi wanatia fedha. Meneja ananunua hati fungani za serikali (yaani anaikopesha serikali, nayo inalipa riba), anaweka amana benki, na mifuko mingine hununua pia hisa zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wewe unamiliki vipande vya chungu hicho. Riba ya hati fungani ikiingia, haiji mkononi kwako. Inabaki chunguni, inanunua kingine kinachozaa, na thamani ya kila kipande inapanda. Faida inazaa faida bila wewe kujaza fomu yoyote.

Linganisha na kununua mwenyewe hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Kiwango cha chini ni milioni moja, na riba inaingia benki kwako kila baada ya miezi sita. Ni uwekezaji salama na ninaupenda. Lakini riba ya 60,000 hainunui hati fungani nyingine, kwa hiyo inakaa benki, na fedha iliyokaa benki karibu na wewe mwisho wake unaujua. Kwa mwenye kiasi kidogo kidogo, chungu cha pamoja kinafaa zaidi.

UTT AMIS, kampuni ya serikali, inasimamia mifuko kadhaa, ikiwemo Umoja, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hati Fungani. Kwa lengo letu la kukuza mtaji, hivi ndivyo ninavyoitazama.

Ukwasi unatulia. Umejikita kwenye amana na dhamana zisizo na hisa, thamani yake inapanda taratibu, na kutoa ni kwepesi. Wepesi huo ndio hatari yake kwa mtu mwenye mkono mwepesi.

Hati Fungani unafaa sana, ila soma fomu. Utaulizwa kama unataka kulipwa gawio, yaani faida uipokee mkononi, au kukuza mtaji. Chagua kukuza. Nimekutana na watu waliochagua kulipwa kwa sababu neno gawio linavutia, kisha wakashangaa kwa nini salio halisogei.

Umoja una sehemu ya hisa ndani yake. Thamani inaweza kuyumba, na kwa miaka 20 hilo linavumilika. Kama ukiona imeshuka utakosa usingizi, anza na Ukwasi au Hati Fungani.

Jikimu umejengwa kwa anayetaka gawio la kutumia. Kwa kazi hii si wake.

Watoto unamfaa mzazi anayetaka fedha isomeke kwa jina la mtoto. Wekeza Maisha umeunganishwa na bima na una masharti ya muda; usiingie kabla ya kuyasoma yote.

Nje ya UTT kuna mifuko mingine, ukiwemo Faida Fund wa Watumishi Housing Investments na ile ya kampuni binafsi. Utakaochagua uwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Orodha ipo kwenye tovuti yao. Iangalie mwenyewe, usitegemee picha ya cheti uliyotumiwa.

Kabla ya kusaini, omba waraka wa toleo, yaani maelezo rasmi ya mfuko, utafute mambo matatu: ada ya usimamizi kwa mwaka, makato ya kutoa, na siku za kazi mpaka fedha ikufikie. Ada inaonekana ndogo mpaka uipe miaka. Mfuko unaokuachia asilimia 0.8 kwa mwezi, elfu 50 zako zinafika kama milioni 36 baada ya miaka 20. Ukikuachia 0.65 unaishia chini ya milioni 29. Tofauti hiyo ya milioni saba ni kama asilimia mbili tu kwa mwaka.

Ukiwa Kenya, mlango wa kawaida ni mifuko ya soko la fedha yenye leseni ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya huko, inayopokea kwa M-Pesa. Faida huhesabiwa kila siku na kuongezwa kwenye salio, kwa kawaida kila mwezi. Kumbuka ushuru wa asilimia 15 hukatwa kwenye riba. Mfuko ukitangaza 10 kabla ya ushuru, fanya hesabu zako kwa 8.5.

Msomaji Mwislamu anayeepuka riba asilazimike kuachana na mpango mzima. Ipo mifuko inayofuata sharia. Uliza ina bodi gani ya masheikh na inawekeza wapi, kisha fuata hatua zilizobaki kama zilivyo.

Onyo kali: Akija mtu na asilimia 10 kwa mwezi, mfanyie hesabu mbele yake. Kwa kasi hiyo laki moja inakuwa zaidi ya laki tatu kwa mwaka, na baada ya miaka 10 inapita bilioni tisa. Hakuna biashara inayolipa hivyo mwaka baada ya mwaka. Anayekulipa leo anakulipa kwa fedha ya aliyeingia jana. Upatu wa DECI ulipozimwa mwaka 2009 watu wengi walikuwa wameshaweka akiba yao yote ndani, wakiwemo waliotangulia kulipwa wakarudisha kila kitu.

## Hatua ya 5: Nunua mara ya kwanza, kisha jaribu kutoa

Jisajili ofisini, kwenye tawi la benki wakala au kwenye programu rasmi ya simu. Weka fedha kwa namba ya malipo ya mfuko wenyewe. Usimtumie mtu yeyote kwenye namba yake binafsi, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo na anaongea vizuri.

Baada ya siku chache utapata taarifa ya vipande. Ikague kwa mkono. Ikiwa umeweka 50,000 na kipande siku hiyo kimeuzwa, tuseme, 1,250, uwe na vipande 40. Andika kwenye daftari tarehe, kiasi, bei na idadi ya vipande. Thamani ya kipande hutangazwa kila siku ya kazi, hivyo unaweza kuhakiki.

Kisha fanya jambo ambalo watu hulipuuza: omba kutoa kiasi kidogo, hata 10,000, kama mfuko unaruhusu. Lengo ni kuona njia ya kutokea inafanya kazi, jina halina tatizo, na fedha inafika benki kwako kwa siku zilizoandikwa. Kama majina yana kasoro, bora uijue leo ukiwa na laki moja kuliko baada ya miaka 12 ukiwa na milioni kadhaa. Ikifika, irudishe, na usijaribu tena.

Umefaulu ukiwa na taarifa yenye vipande, bei na jina lako sahihi, na umeona fedha ikienda na kurudi.

## Hatua ya 6: Ondoa uamuzi mikononi mwako

Nenda benki ujaze fomu ya agizo la kudumu: kila mwezi, tarehe fulani, kiasi fulani, kwenda kwenye akaunti ya mfuko. Tarehe iwe siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Ukiiweka tarehe 15 utakuta salio limeshaliwa na agizo litakwama.

Sababu ni hii. Kuweka kwa mkono kila mwezi ni maamuzi 240 katika miaka 20, na kila mara unasimama mbele ya jambo jingine linalodai fedha hiyohiyo. Agizo la kudumu ni uamuzi mmoja.

Asiye na akaunti ya mshahara apange siku ya wiki na aifunge na kitu anachofanya tayari. Kinyozi mmoja jirani yangu hununua vipande kila Jumatatu asubuhi anapolipia umeme wa saluni. Miaka minne sasa, na hajakatika.

Onyo: Benki zinaweza kutoza kwa agizo kila linapotekelezwa, na pia linapokwama. Uliza kabla. Kwa 10,000 kwa mwezi, makato ya 1,000 ni mzigo. Hapo afadhali uweke kwa simu.

## Hatua ya 7: Vuka miaka saba ya mwanzo

Soma sehemu hii polepole. Hata ukiruka zote, usiiruke hii.

Hapa nimekadiria ongezeko la asilimia 0.8 kwa mwezi, karibu asilimia 10 kwa mwaka. Ni kadirio langu la kufanyia hesabu. Hakuna mfuko ulioahidi, na miaka itatofautiana. Unaweka 50,000 kila mwisho wa mwezi.

- Mwaka 1: umeweka 600,000, salio 627,000. Faida 27,000.
- Mwaka 5: umeweka milioni 3, salio 3,831,000. Faida 831,000.
- Mwaka 10: umeweka milioni 6, salio 10,011,000. Faida 4,011,000.
- Mwaka 15: umeweka milioni 9, salio 19,979,000. Faida 10,979,000.
- Mwaka 20: umeweka milioni 12, salio 36,057,000. Faida 24,057,000.

Tazama mwaka wa kwanza. Umejibana miezi 12, na faida yote ni 27,000, haifiki hata bei ya kuku wawili wa kienyeji. Ni wakati huo ndipo mtu anasema "huku hakuna kitu" na kutoa. Simlaumu. Hesabu inamwonyesha kitu kidogo kwa sababu chungu bado ni kidogo, na faida hufuata ukubwa wa chungu.

Sasa angalia mwezi wa 87, yaani miaka saba na miezi mitatu. Salio linafika 6,250,000, na asilimia 0.8 ya hiyo ni 50,000. Kuanzia hapo fedha yako inaweka kila mwezi sawa na unachoweka wewe, na mwezi unaofuata inakuzidi. Anayeweka 10,000 anafika hapo mwezi uleule wa 87. Anayeweka laki tano vilevile. Kinachoamua ni kasi ya faida na kutokukatika.

Mwezi huo uandike kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu, na mwaka wake. Ukianza Januari 2026, utaufikia Machi 2033. Hilo ndilo lengo lako la kwanza. Usifikirie miaka 20, inatisha. Fikiria kufika pale.

Kinachofuata kinaeleza kwa nini nasisitiza hivi. Katika miaka mitano ya mwanzo faida ni 831,000. Katika miaka mitano ya mwisho ni zaidi ya milioni 13, kwa kuweka kiasi kilekile cha milioni tatu. Anayekatisha mwaka wa tano na kuanza upya hapotezi ile milioni 3.8 aliyotoa tu. Mwaka wa 20 atakuwa na karibu milioni 20 badala ya 36. Alichokikata ni zile milioni 16.

Na anayesema "nitaanza nikishajipanga, nitaweka mara mbili"? Akisubiri miaka 10 kisha aweke laki moja kwa mwezi kwa miaka 10, atakuwa ameweka milioni 12 zilezile, na atafika milioni 20.

Mimi nilikatika mwaka wa tatu. Zilikuja harusi mbili za ndugu mfululizo, nikawa kwenye kamati zote mbili, nikatoa vipande vyote nikasema nitarudisha. Sikurudisha kwa miaka minne. Harusi zilikuwa nzuri, na ndugu zangu nawapenda. Ila miaka ile minne siipati tena kwa kiasi chochote nitakachoweka, na ndiyo sababu nimekaa kuandika haya yote.

## Hatua ya 8: Pandisha kila mwaka, na unase fedha ya kikoba

Milioni 36 za baada ya miaka 20 hazitanunua kinachonunuliwa na milioni 36 leo. Bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, zitakuwa na nguvu ya kama milioni 16.5 za leo. Bado ni zaidi ya milioni 12 ulizoweka, ila usijidanganye na tarakimu.

Dawa yake ni kupandisha kiasi kila mwaka. Ongeza asilimia 10: mwaka wa kwanza 50,000, wa pili 55,000, wa tatu 60,500. Fanya hivyo mwezi ambao mshahara hupanda au bei za duka lako hupanda, kabla hujazoea kipato kipya. Ukiweza kushikilia hivyo miaka yote 20, kwa kasi ileile ya faida unafika karibu milioni 77. Mwaka wa mwisho utakuwa unaweka karibu 306,000 kwa mwezi, na si kila mmoja atafika huko. Miaka ambayo huwezi, bakia pale ulipo. Usishuke.

Kikoba nacho kina somo lake. Vikoba ni vizuri. Vimesomesha watoto wengi. Lakini kikoba huvunjwa mwisho wa mwaka, watu wanagawana, na Januari chungu kinaanza sifuri. Faida haipati nafasi ya kuzaa mwaka wa pili. Usitoke kikoba. Wiki kinapovunjwa, kabla ya Krismasi au kabla ya ada, hamisha theluthi ya mgawo wako kwenye vipande. Ukipokea zamu yako ya mchezo wa kuchangiana fedha, fanya hivyo hivyo.

## Hatua ya 9: Andika sheria ya kutoa kabla kishawishi hakijaja

Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari andika mambo ambayo yataruhusu kutoa. Yasizidi matatu, na uyaandike leo ukiwa umetulia. Yangu ni matibabu yaliyozidi akiba ya dharura, ada ya chuo ya mtoto, na kupoteza kazi kwa zaidi ya miezi sita.

Vitakavyokujia ni hivi: harusi, kiwanja "cha haraka", gari, na ndugu mwenye wazo la biashara.

Kiwanja kinahitaji neno zaidi, maana kwetu ardhi ni jambo la heshima na mara nyingi ni uwekezaji wa kweli. Kama unataka kiwanja, kifungulie akaunti yake na kiasi chake cha mwezi. Kiwanja kinachokulazimisha uamue Ijumaa hii kwa kutoa akiba ya miaka sita, kiache kipite. Chenye hati safi kitapatikana kingine.

Ndugu akiomba, mpe kutoka kwenye kipato cha mwezi huo kiasi unachoweza kukisamehe. Mwambie ukweli kwamba fedha ile imefungwa kwa muda mrefu. Hukumdanganya, umeifunga wewe.

Kisha jiwekee siku 30. Ukitaka kutoa kwa sababu isiyo kwenye orodha, andika tarehe na sababu, subiri siku 30, usome tena ulichoandika. Haja nyingi huwa zimejimaliza zenyewe.

## Hatua ya 10: Kagua mara moja kwa mwaka

Siku moja tu, labda wiki ya mwisho ya Desemba. Kuangalia salio kila wiki kunawachosha watu, na wenye vipande vya Umoja wakiona thamani imeshuka wanakimbia. Thamani ikishuka, elfu 50 yako ya mwezi huo imenunua vipande vingi zaidi. Anayetoa wakati huo ndiye anayeifanya hasara iwe ya kweli.

Siku hiyo linganisha taarifa ya mfuko na daftari, kipande kwa kipande. Tazama kasi ya mwaka mzima: kama kwa miaka mitatu mfululizo mfuko wako umekuwa chini ya kasi ya kupanda kwa bei, fikiria kuhama, na ukihama uhamishe bila fedha kupitia mfukoni. Thibitisha namba ya simu na akaunti ya benki bado ni zilezile. Halafu funga.

Mrithi anahitaji dakika tano za siku hiyo. Hakikisha jina lake limo kwenye kumbukumbu za mfuko na limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Umeoa, umeolewa, umepata mtoto, umefiwa? Badilisha. Nakala ya ukurasa wenye namba ya akaunti mpe mwenza wako au mtu mzima unayemwamini. Familia nyingi hupata tabu baada ya msiba kwa sababu hakuna aliyejua kuwa marehemu alikuwa na vipande.

## Hatua ya 11: Kutoa, ukifika

Miaka mitatu kabla ya kuhitaji fedha, kama uko kwenye mfuko wenye hisa, hamisha theluthi kila mwaka kwenda Ukwasi au mfuko kama huo. Hutaki soko lishuke mwezi mmoja kabla ya siku yako.

Usitoe yote kwa mkupuo kwa sababu tu tarehe imefika. Ukiwa na milioni 36 kwa asilimia 0.8, chungu kinaongeza karibu 288,000 kila mwezi. Toa 200,000 kwa mwezi, uache 88,000 zikilinda mtaji dhidi ya kupanda kwa bei. Ukiwa na milioni 77, nyongeza ya mwezi ni kama 616,000; toa laki nne. Kiasi kiangalie upya kila Desemba, siku ileile ya ukaguzi.

Ombi la kutoa liwasilishe mapema kwa siku zote za kazi zilizo kwenye waraka wa toleo, ukihesabu na sikukuu. Liende kwenye akaunti ileile ya benki uliyoijaribu mwanzoni kwa zile elfu kumi, na kiasi kilichoingia kiandike kwenye daftari, mstari unaofuata ule wa mwisho ulioweka.